Alishusha Gari Ipendeze, Mama Yake Akagoma Kupanda

Kuna DJ mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, ambaye ukipita kwenye Insta yake lazima ukutane na Datsun 240Z ya rangi ya chungwa. Laiki kama mvua. Kitu ambacho mashabiki hawakijui ni kwamba kuna kipindi mama yake mzazi aligoma kabisa kuipanda.

Gari aliachiwa na marehemu baba yake. Na siyo gari ya mchezo mchezo. Aina hiyo ndiyo ilibeba ushindi wa East African Safari mwaka 1971, ikarudia tena 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mzee aliipenda kwa hilo: gari ya spoti iliyokula tope na vumbi la kwetu na bado ikafika.

Sasa jamaa kukabidhiwa funguo tu, akakata springi ili ilale chini, akaweka na rimu pana. Picha zikatoka kali. Barabarani ikawa kesi nyingine. Ikifika spidi 80 inaanza kutangatanga, mara kushoto mara kulia, usukani unataka mikono miwili muda wote. Tairi za mbele zikaliwa upande wa ndani mpaka waya zikaonekana. Siku aliyompakia mama kwenda Bagamoyo, mama alishukia Bunju akapanda daladala.

"Baba yako hakuwa anaendesha hivi." Basi, hakuongeza neno.

Hiyo ilimuuma kuliko komenti yoyote mbaya aliyowahi kuandikiwa.

Akaenda kwa fundi mmoja mzee wa gereji za chini ya mwembe, hana hata kompyuta. Mzee hakukimbilia spana. Swali la kwanza: springi zake orijino ziko wapi? Maana ukishusha gari, miguu ya mbele yote inabadilika inavyokaa, na 240Z haikutoka kiwandani na sehemu ya kurekebisha ulalo wa tairi za mbele. Unachoweza kurekebisha ni mwelekeo tu, yaani tairi zitazame ndani au nje, kwa kuzungusha tairodi.

Springi zikarudi. Akapima upepo, akapiga jeki, akatikisa miguu ya mbele. Boljointi moja ilikuwa inacheza, ikabadilishwa. Ukifanya alaimenti juu ya boljointi mbovu unajidanganya mwenyewe.

Ndipo akatoa uzi. Akavuta mmoja kila upande wa gari, kimo cha katikati ya rimu, zote mbili zikienda sambamba na mstari wa katikati ya gari. Usukani ukanyooshwa, ukafungwa usizunguke. Akashika rula, akapima kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Jibu likaja: kwa mbele tairi zimeachana milimita 9 zaidi ya nyuma. Yaani moja inataka kwenda Kigamboni, nyingine inataka Mbezi!

Akalegeza nati, akazungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa ili usukani usikae upande. Akasukuma gari mita chache ijikalie vizuri, akapima tena. Akarudia mara tatu. Alipokaza nati, tairi zilikuwa zinatazama ndani milimita 2 tu. Hela aliyolipwa haikufika hata bei ya rimu moja.

Siku hizi gari imenyanyuka, kwenye picha haitishi kama zamani, na laiki zimepungua kweli. Ila wiki iliyofuata mama alikubali kujaribu tena ile safari ya Bagamoyo. Bunju wakaipita. Walipofika Mapinga alikuwa ameshasinzia.

Haya wadau, gari iliyolala chini au mama aliyelala kwenye siti? Wewe ungechagua nini?