Kiboksi Cheusi Pembeni ya TV, na Sauti ya Mshua

Najua mnasubiri muendelezo wa ile stori ya msanii na gari la kuazima. Itakuja, tulieni. Leo naongea ya nyumbani kwetu, maana tangu nirushe ile picha ya sebuleni, inboksi imejaa swali moja: "Kaka, hicho kiboksi cheusi ni king'amuzi gani?"

Siyo king'amuzi. Ni kompyuta kamili, ila ndogo. Upana wake hauzidi shibiri moja, unene kama vidole viwili. Zinatengenezwa kwa ajili ya maofisi, ofisi zikibadilisha vifaa zinaingia sokoni kama mtumba. Mimi nilizama Kariakoo nikaibuka nayo kwa laki tatu na ishirini: Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD GB 256. Unaichomeka kwenye TV, unaweka movie, miziki na picha zako zote humo, halafu unaangalia bila kula bando hata MB moja.

Kwa wanaotaka kununua, msirudie makosa yangu. Kosa la kwanza ni kizazi. Movie nyingi za 4K siku hizi zimebanwa kwa HEVC ya biti 10, na chipu za Intel zilianza kuifungua hiyo vizuri kwenye kizazi cha 7. Ukiilazimisha ya 6 inahema, feni inalia kama pasi ya mvuke, picha inakatakata. TV yangu ni Full HD kwa hiyo naishi nayo, lakini wewe mwenye TV ya 4K ongeza hela kidogo.

Kosa la pili ni tundu. Nimefika nyumbani na mbwembwe zote, nageuza nyuma, hakuna HDMI. Kuna DisplayPort. Nikarudi mjini kutafuta adapta, nauli juu. Kabla hujalipa, igeuze kompyuta uangalie mgongo wake.

Ndani niliweka Linux Mint, ya bure, halafu juu yake Kodi. Kodi ilianzia kwenye Xbox, ile mashine ya gemu, ikiitwa XBMC, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Kazi yake ni kupanga mafaili yako vizuri na kuyacheza. Faili la movie lipe jina na mwaka wake kwenye mabano, itatafuta picha ya kava yenyewe. Kama huna sauti, usimlaumu fundi wa sabufa, ingia kwenye mipangilio uchague sauti itokee HDMI. Rimoti ni simu yako, kuna programu inaitwa Kore. Na kwa sisi ambao umeme ukikatika ni jambo la kawaida, ingia BIOS uiambie ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Haya. Hiyo ndiyo stori niliyowaambia watu. Ukweli ni kwamba sikuinunua kwa ajili ya movie.

Mwaka 2012 dada yangu alifanyiwa sendofu. Mshua akashika maiki akatoa nasaha, mtu wa video akarekodi, tukapewa DVD moja. Mwaka 2018 mshua akafariki. Simu yake ilikuwa kitochi, kwa hiyo hatuna hata sauti ya WhatsApp. Picha zipo nyingi, lakini picha haiongei. Sauti yake ilikuwa imebaki kwenye ile DVD tu, na ile DVD ilikaa kabatini bila kava, watoto wakaichezea mpaka ikachanika mistari. Deki nayo ilishakufa. Kila mwaka siku ya kumbukumbu Mama anauliza: "Ile CD yetu haiwezi kupona?"

Tatizo la pili lilikuwa zito kuliko mikwaruzo. Shemeji wa kwenye ile DVD leo ni mtu wa mjini. Mnamjua. Mmeshakomenti kwenye picha zake hapa hapa. Ndoa ilivunjika 2020, dada akarudi nyumbani na mtoto, na akasema siku akiiona ile CD anaichoma moto. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo nikafanya kazi usiku, kama mwizi kwetu. Nikanunua kisomeo cha DVD cha USB, nikaweka programu inaitwa ddrescue. Hii ni tofauti na kukopi kwa kawaida, ambako faili likikwama sehemu moja basi kazi imeisha. Yenyewe inachukua kwanza sehemu nzima, inaandika kwenye ramani yake wapi imeshindwa, halafu inarudi kwenye zile mbovu kidogo kidogo. Usiku wa kwanza karibu yote ilitoka, isipokuwa mwishoni. DVD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio tunaoushika na vidole. Na nasaha za mshua zilikuwa mwishoni.

Nikaazima kisomeo kingine kwa jamaa yangu, nikatumia ramani ile ile, kiendelee pale cha kwanza kiliposhindwa. Kila kisomeo kina jicho lake. Usiku wa tatu nikawa nimebakiza vipande vichache sana.

Hapo ningeweza kumuita Mama tu, lakini roho ilinisuta. Ile ni siku ya dada, siyo yangu. Nikamfuata nikamwambia ukweli. Akakaa kimya muda mrefu, akasema: "Mkatie Mama sehemu ya Baba. Mengine sitaki kuyaona, na mtoto asiyaone." Nikakata dakika tisa. Sura ya shemeji haimo.

Jumapili Mama akakaa mbele ya TV na khanga yake mpya, kama anaenda kwa mtu. Nikabonyeza. Nilidhani atalia. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Ona tai ilivyopinda, na nilimwambia." Tukacheka. Katikati picha ikaganda kama sekunde nne, zile ambazo hazikupona. Kisha mshua akaendelea, na ile sauti yake ya kukwaruza:

"Mwanangu, nakutoa kwa furaha. Lakini ukiona mambo yamekuwa mazito, usisubiri uvunjike. Hapa ni kwenu, njia unaijua."

Dada alikuwa kasimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Sikujua amefika pale saa ngapi. Akasema, "Hii sikuisikia siku ile." Siku ile alikuwa analia, na wapambe wanamfuta mekapu. Akaongeza taratibu, "Miaka yote hii nafikiri Baba angeona aibu mimi kurudi."

Mama hata hakugeuka. "Aibu ya nini? Si ameshasema mbele ya watu mia tatu."

Ugali uliungua siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

DVD yenyewe dada hajaichoma, ila kaomba akae nayo yeye. Zile dakika tisa zipo kwenye kiboksi, zipo kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye flashi ya Mama. Wadau, DVD za kuchomwa mtaani hazidumu, ile rangi inayobeba data inakufa taratibu hata usipoigusa. Kama kabatini kwenu kuna CD ya harusi, ya msiba, ya kipaimara, itoe wikiendi hii. Siyo lazima ununue kompyuta ya laki tatu, muombe hata jirani mwenye kisomeo. Na kama ndani yake kuna mtu ambaye siku hizi anaumiza mtu, ulizeni kwanza.

Niambieni hapo chini, kwenu sauti ya nani ipo kwenye CD? Atakayetaja jina la shemeji namfuta.