Nguvu ya Paili Haipimwi Siku ya Kugongwa

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika mbuga za Shinyanga na kandokando ya barabara za Geita. Nilianza kama kibarua wa kuhesabu mapigo. Unachora mistari ya chaki kwenye paili, ile nguzo ya msingi inayogongwa ardhini, nyundo inashuka, nawe unaandika imepiga mara ngapi hadi mstari mmoja uzame. Kwenye luseni, ardhi ya kichanga, mapigo huongezeka mapema. Kwenye udongo mweusi wa mbuga paili huteremka tu, na wasimamizi huingiwa na hofu.

Karibu na mto mmoja, paili ya zege ilipita kina cha kwenye mchoro bila kufikisha mapigo yaliyotakiwa. Mkandarasi akataka kuunga kipande kingine. Mhandisi mshauri, mzee asiyependa maneno mengi, akasema, "Iacheni wiki mbili." Tuliporudisha nyundo, nilikuwa nimechuchumaa karibu na mistari yangu. Pigo la kwanza, paili ilisogea milimita chache. La pili, sikuona chaki ikisogea kabisa.

Mzee alinieleza papo hapo. Paili ikigongwa, udongo wa mfinyanzi huvurugwa, na maji yaliyomo hubanwa yasipate pa kwenda. Udongo hulegeza mshiko. Maji yakijipenyeza taratibu, udongo hushikamana tena na kuibana paili, na uwezo wake waweza kufika mara mbili au zaidi. Mhandisi Karl Terzaghi aliichapisha nadharia ya maji hayo mwaka 1925. Mchangani ni suala la saa au siku chache. Kwenye mfinyanzi, wiki nyingi.

Kuna udongo unaofanya kinyume. Mchanga mwembamba ulioshindiliwa na miamba laini ya tabaka huweza kuonyesha nguvu kubwa siku ya kwanza, kisha ikapungua. Hapo mwenye haraka hujenga juu ya uwezo ambao haupo tena.

Nasi tuna kiangazi chetu. Mbuga ikikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na ile sehemu ya juu huachana na paili. Mshiko wa hapo sikuwahi kuukubali kwenye hesabu, hata vipimo vya masika vilipokuwa vizuri.

Vijana mnaosimamia misingi kanda hii, daini siku za kusubiri na kugonga upya ziandikwe kwenye mkataba kabla nyundo haijafika.