Moteri Gani kwa Mashua ya Miili Miwili?

Vijana wetu wa kampi wanajua kuunga chuma na kuranda mbao. Si ajabu basi kukuta jamaa wamehamia Kalemie ao Moba, na nyuma ya nyumba wanajenga mashua. Wengine wanaunga miili miwili myembamba kwa miti ya kukingama, sawa vile wavuvi wa ndagala wa Ziwa Tanganyika wanavyofanya tangu miaka mingi. Hiyo wanaiita katamarani. Mbao zikiisha kupigiliwa, ulizo njo linaanza: tutatia moteri gani? Mimi nakuambia: usianze na nguvu ya moteri. Anza na watu utakaobeba.

Mwili mwembamba unapasua maji bila kuinua mawimbi makubwa, kwa hiyo moteri ndogo inatosha. Lakini haupendi mzigo: ukiuongezea kilo unashuka upesi, na mawimbi yanaanza kupiga sakafu kwa chini. Pima vyote: mbao, moteri, esanse, watu, magunia. Tena usitamani mbio. Kwa mashua yenye kukata maji, mwendo mara mbili unadai nguvu karibu mara nane. Nani atalipa esanse ile?

Sasa, moteri moja ao mbili? Moja katikati iko bei nafuu. Lakini kati ya miili miwili maji yanapanda na kushuka. Mguu wa moteri ukiwa mfupi, elisi inameza hewa: moteri inalia, mashua inabaki palepale. Mguu mfupi unafaa ubao wa nyuma wenye kimo cha karibu sentimetre 38, mguu mrefu sentimetre 51. Pima kimo chako mbele ya kwenda sokoni.

Mimi nachagua mbili ndogo za aina moja, kila mwili yake. Ukitia moja mbele na nyingine nyuma, mashua inageuka papo hapo. Moja ikizimika, nyingine inakurudisha nyumbani, polepole lakini salama. Na kwa sababu ni za aina moja, piesi za hii zinaingia kwa ile. Ila sikia vizuri: moteri mbili zenye kunywa kwa tanki moja zitakufa pamoja siku maji yataingia ndani ya esanse. Kila moteri iwe na tanki yake na filta yake.

Moteri ya nje ya kuchanganya esanse na mafuta, fundi wengi wanaijua, lakini iko na kiu: ile ya nguvu za farasi 15 ikienda kwa nguvu yote inakunywa karibu lita 6 kwa saa. Gawa esanse mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la taabu usiyoitazamia. Mazuti hayashiki moto upesi kama esanse, na moteri yake haina kiu mingi. Lakini iko nzito, na mwili mwembamba hauna nafasi. Na batri je, sisi wenye kuchimba kobalti? Batri ya kilowati-saa 5 inaweza kupita kilo 40, na kazi yake ni sawa na lita mbili ao tatu za esanse. Inafaa kuvuka bandari, si kutoka Kalemie mpaka Moba.

Lakini hakuna moteri yenye kusahihisha mzigo kupita kiasi. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala ilizama kwenye ziwa hilo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na mzigo mwingi ulitajwa kati ya sababu.

Bwana Yesu, katika Luka 14, anasema juu ya mtu mwenye kujenga mnara, namna inampasa kukaa kwanza na kuhesabu. Fanya vile. Weka ndani ya mashua mifuko ya muchanga yenye uzito wa watu na mizigo yako. Pale maji yatakapofika, piga mstari wa rangi. Mstari ukizama, mtu mmoja abaki pwani, hata akiwa mjomba wako. Nunua jile za kuokoa, moja kwa kila mtu. Kisha njo ununue moteri.