Samaki wa Madimbwi ya Tura

Tura, mashariki ya Tabora, ndipo misafara ya pwani ilipoingia Unyamwezi. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Kiangazi madimbwi ya nchi ile hukauka, na samaki wadogo waliomo hufa wote. Lakini mayai yao yangali hai udongoni. Mvua inyeshapo huanguliwa, ila si yote: mengine hungoja, maana mvua ya kwanza yaweza kudanganya.

Awafugaye nyumbani huyahifadhi mayai miezi kadhaa katika udongo wenye unyevu kidogo, kisha huumwagia maji. Kesho yake vitoto vyaogelea, vyembamba kama nyuzi. Mfugaji mgeni huutupa udongo ule, hasara iliyoje! Mzoefu huukausha tena, akangoja.