Punje Iliyoshiba

Kwetu Katanga wengi hutazama majani tu: yakikauka, husema mahindi yameiva. Mimi hutazama punje. Ing'oe katika gunzi. Ukiona alama nyeusi pale iliposhikana nalo, punje imekwisha kushiba, haiongezi uzito tena. Walakini maji yangali mengi, kama sehemu 30 katika 100. Ghalani zafaa 13 tu. Hapo hali ya hewa huamua. Jua la Mei likiwaka, punje hukauka ikawa ngumu. Mvua ikikawia kuisha, ukungu huingia, na sumu yake, aflatoksini, haiishi kwa kupikwa, huharibu ini. Basi tuyaanike juu ya mkeka, si udongoni. Na lililoota ukungu tusimpe mtoto, hata wakati wa njaa.