"Nilianguka"

Nilikuwa safarini, Korogwe kwenda Handeni, na safari hiyo imenikumbusha jambo ambalo nimekuwa nikikwepa kuliandika.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mtoto wa jirani, ana miaka 11, kwenye kituo kimoja cha polisi. Sikitaji. Mkono ulikuwa umevimba kwa kipigo cha mjomba wake. Kaunta imejaa: mwenye kesi ya pikipiki, mlevi, mama aliyeibiwa simu. Askari akauliza kwa sauti, "Haya dogo, nani kakupiga?" Benchi zima likageuka. Mtoto akanitazama, kisha akatazama chini.

"Nilianguka."

Tukapewa PF3 ya kwenda hospitali. Kesi ikaishia pale.

Ndiyo maana nalitetea sana Dawati la Jinsia na Watoto. Mtandao wa Polisi Wanawake, ulioanzishwa 2007, ulilipigania, na madawati yamepita 400 nchini. Kinachotakiwa si kikubwa: chumba chenye mlango, askari aliyefundishwa kuongea na mtoto, na ofisa ustawi wa jamii wa kumpigia simu. Hata mtoto anayetuhumiwa analindwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka asichanganywe na watu wazima mahabusu.

Tatizo ni kufika. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, basi hukosi. Handeni ni pana, na anayetoka kijiji cha ndani anategemea bodaboda. Nauli anayo nani? Baba, au mjomba. Huyo huyo! Basi wazee wanakaa, yanamalizwa kifamilia, mtoto anarudi kulala nyumba ile ile. Na si watoto wawili watatu: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Kwa maoni yangu dawati lisingoje mjini. Lipande pikipiki, siku moja shuleni, siku nyingine gulioni, hadi watoto wamjue yule askari kwa jina. Kwa sasa ipo namba 116, haitozwi hela. Ila nayo inataka simu, na simu mara nyingi anayo mjomba.

Yule mtoto sasa ni kijana mkubwa. Tukikutana ananiamkia vizuri tu. Mkono hatujawahi kuuzungumzia.

Wadau, ningefanyaje siku ile?