Waya Mbili Zilizonitoa Jasho

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikuficha maradhi. Nilificha waya mbili na shilingi 200. Msomaji mpenzi, tega sikio nikusimulie.

Kwetu ni Busia, mji wa mpakani ambako jina boda boda lilianzia, tangu enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria kati ya Kenya na Uganda. Kaka yangu mkubwa ni mwana boda boda, lakini yeye huendesha pikipiki. Karo yangu, unga wa nyumbani na dawa za nyanya yetu, vyote hutoka kwa pikipiki hiyo. Ikilala, nasi twalala njaa.

Mwaka jana wakati wa mvua nyingi, pikipiki iliteleza matopeni ikaangukia upande wa kushoto. Kaka aliinuka salama salimini, lakini mkono wa klachi, ambao mafundi huuita leva, ulivunjika katikati. Jioni hiyo alinipa shilingi 450.

"Kesho ukitoka shule, pitia dukani uniletee leva ya kampuni," aliniambia. "Usiniletee hizi za kung'aa, umesikia?"

Nilisikia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Dukani niliona leva nyekundu, fupi, inayometameta kama pete ya bibi harusi. Bei yake ilikuwa shilingi 250 tu. Kabla jua halijatua, zile 200 zilizobaki zilikuwa zimegeuka chipsi na soda. Kaka nilimdanganya kwamba za kampuni zimeisha na kwamba hii ni bei ile ile.

Kwa kuwa likizo moja nilikuwa nimemsaidia fundi mmoja pale steji, nilijiona nami fundi kamili. "Wacha nifunge mwenyewe," nilimwambia kaka.

Kazi yenyewe si ngumu. Nililegeza kirekebishio cha kebo pale kwenye usukani, nikalinganisha mianya yake ili kebo ichomoke. Nikafungua nati ya chini na bolti, nikatoa leva iliyovunjika. Nikapaka bolti grisi kidogo, nikaingiza leva mpya, nikarudisha kebo. Sikuikaza sana. Niliacha leva icheze kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, maana kebo ikivutwa muda wote, klachi huteleza na pleti zake huungua. Nikageuza usukani kushoto na kulia kuona kama kebo inabana. Mambo yakawa shwari.

Kumbe shida ilikuwa inaningoja kwenye stata! Nikiwa nyutro, injini ilikubali. Nikiweka gia ya kwanza, nikibana klachi na kubonyeza kitufe, kimya! Nilitazama kwa makini. Pale mkono wa klachi unaposhikiliwa pana swichi ndogo yenye kijipini. Leva ya zamani ilikuwa na jino dogo la kukisukuma kijipini hicho kila klachi inapobanwa. Ile nyekundu yangu haikuwa na jino lolote.

Nilijua fika kwamba ilinibidi kurudisha leva dukani na kuongeza pesa nipewe ya kampuni. Lakini chenji ilikuwa tumboni! Basi nilikata waya mbili za ile swichi, nikazisokota pamoja, nikazifunga kwa tepu nyeusi. Stata ikaitika. Kaka akanipiga bega huku akicheka, "Ala! Kumbe nyumba hii ina fundi!" Nilitabasamu, lakini moyoni palikuwa na mwiba.

Siku ya nne, alfajiri, kaka alikuwa ampeleke mama sokoni na magunia yake ya mboga. Ua wetu una mteremko, kwa hivyo usiku kaka huiacha pikipiki ndani ya gia isije ikaserereka. Asubuhi hiyo alikuwa na haraka, akasahau kutoa gia. Alisimama kando, akawasha ufunguo, akabonyeza stata bila kugusa klachi. Kufumba na kufumbua, pikipiki iliruka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba! Dada yetu mdogo wa miaka sita alikuwa ameinama mbele yake akifunga viatu vya shule. Gurudumu lilimgonga mguu, akaanguka huku akipiga mayowe, na pikipiki ikamlalia pipa la maji.

Mungu ni mkubwa, mfupa haukuvunjika. Hata hivyo kifundo cha mguu kilivimba kama embe, na siku tatu hakwenda shule. Mama hakufika sokoni, mboga zikanyauka. Kaka alipoteza kazi ya siku nzima pale zahanati.

Usiku nilimwona kaka ameketi kando ya kitanda cha dada. "Nisamehe, mamangu," alimwambia. "Ni mimi niliyesahau gia."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko. Jasho jembamba lilinitoka. Nilipiga magoti nikayamwaga yote: waya, leva na chipsi. Kaka hakunipiga. Alininyamazia, na afadhali angenipiga.

Kesho yake alinipeleka kwa fundi. Mzee yule alibandua tepu, akatikisa kichwa.

"Wewe kijana, hii swichi ni askari," alisema. "Stata inaruhusiwa kufanya kazi ukiwa nyutro, ama ukiwa umebana klachi. Ukisokota waya hizi, unaidanganya pikipiki kwamba klachi imebanwa saa zote. Mtu kusahau gia ni kawaida. Askari amewekwa hapo kwa sababu watu husahau."

Akaniambia jambo jingine ambalo sikulijua. Kuna pikipiki ambazo swichi yake hufanya kazi kinyume: leva hukibana kijipini ikiwa imetulia, na kukiachilia klachi inapovutwa. Hizo ukizifunga leva isiyo na jino, hutaona dalili yoyote. Stata itaitika kila wakati, na mwenye pikipiki atafurahi bila kujua kwamba askari ameshaondoka.

Kwa hiyo, wenzangu mnaopenda kuchokoachokoa pikipiki za nyumbani, mkibadilisha leva fanyeni majaribio matatu, huku mmebana breki na mbele hakuna mtu. Ukiwa nyutro, iwake. Ukiwa kwenye gia na klachi umebana, iwake. Ukiwa kwenye gia bila klachi, ikatae kabisa. Jaribio la tatu ndilo kubwa, na ndilo nililoliruka mimi.

Leva ya kampuni ilifungwa, waya zikaungwa upya kwenye swichi. Zile shilingi 200 nilizilipa kwa kumchotea jirani maji Jumamosi mbili. Kaka ameshanisamehe, na siku hizi huniita nimshikie spana. Lakini dada yetu, hadi leo, akipita uani huizunguka pikipiki kwa nyuma. Kila nikimwona akifanya hivyo, nakumbuka ile tepu nyeusi.